Mekatilili wa Menza

Miongoni mwa wazaliwa wa nchi ya Ganze ambao majina yao hayajafutika yumo Mekatilili wa Menza. Wazee husimulia kwamba ndugu yake alitekwa na wauza watumwa naye akitazama, asirudi tena. Baadaye akafiwa na mume. Misiba hiyo haikumvunja moyo, kwa kuwa tegemeo lake lilikuwa Mulungu na kiapo cha kaya.

Mwaka 1913 aliwahimiza Wagiriama wakusanyike Kaya Fungo, wakala kiapo kuukataa utawala wa Kiingereza pamoja na kodi na kazi ya nguvu. Oktoba akakamatwa na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu hadi pwani, naye ni mjane aliyekwisha kuwa mtu mzima. Agosti akakamatwa tena, na Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti.

Iliyobomolewa ni miti na boma, imani haikuguswa. Aliporejea mwaka 1919 alikaa katika kaya ile ile, akaongoza baraza la wanawake. Na sisi wanachama, tupatwapo na msiba, tumkumbuke mama huyu.