Thurgood Marshall, wakili wa Marekani aliyewaandikia Wakenya haki zao

Tom Mboya amezikwa kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Huku kanda ya ziwa wengi wanamkumbuka kwa vyama vya wafanyakazi na zile ndege zilizopeleka vijana kusoma Marekani. Wachache wanajua kuwa yeye ndiye aliyemwita Thurgood Marshall aje kuwasaidia Wakenya kudai katiba.

Marshall alizaliwa 1908 mjini Baltimore, mama yake mwalimu, baba yake mhudumu. Shuleni alikuwa mtundu kweli, na adhabu yake ilikuwa kukaa peke yake asome Katiba ya Marekani. Akaisoma hadi ikamkaa kichwani. Kumbe mle ndani imeandikwa kwamba sheria inamlinda kila mtu sawa, wakati mtaani kwao mtoto mweusi haruhusiwi kusoma shule moja na mzungu!

Chuo cha sheria cha jimbo lake la Maryland hakikupokea weusi. Akasoma Howard, Washington, akamaliza 1933 akiwa wa kwanza darasani. Moja ya kesi zake za mwanzo ikakilazimisha chuo kilekile cha Maryland kumpokea mwanafunzi mweusi. Kisasi kitamu, tena cha mahakamani.

Lakini kazi yenyewe si mchezo. Mwaka 1946 mjini Columbia, Tennessee, alipotoka kuwatetea weusi walioshtakiwa kwa kujaribu kuua polisi, alikamatwa kwa kisingizio cha kuendesha gari amelewa. Gari lililombeba likashika njia ya mtoni. Wenzake waligoma kumwacha, wakalifuata nyumanyuma, na hilo ndilo lililomwokoa. Mei 17, 1954 alishinda kesi ya Brown, Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kutenganisha shule za serikali kwa rangi ni kuvunja katiba.

Januari 1960 akafika Kenya. Kiambu, maofisa wa mkoloni walimzuia kuingia kwenye mkutano wa hadhara. Akaomba atamke neno moja tu la salamu, akaruhusiwa. Neno lenyewe likawa uhuru. Umati ukalipuka!

Kutoka hapo alikwenda London, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika. Huko mambo yalimgeukia. Maisha yake yote alikuwa amewatetea wachache waliokandamizwa, sasa wachache walikuwa walowezi wa kizungu waliokalia ardhi nzuri, na Wahindi wenye maduka. Angeweza kuwapuuza. Rasimu yake iliweka haki ya elimu, afya na kupiga kura, lakini pia ilisema serikali ikichukua mali ya mtu imlipe fidia ya haki, na asiporidhika aende mahakamani. Awe nani, awe rangi gani. Rasimu haikupita neno kwa neno, lakini Kenya ilipata uhuru 1963 ikiwa na sura ya haki ndani ya katiba.

Tanganyika ilikataa sura kama hiyo 1961, kwa hoja kwamba ingekwamisha maendeleo. Tuliingiza haki hizo kwenye katiba 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia 1988. Februari 1990, hapa hapa Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya alizitumia kumlinda mama mmoja wa Kihaya. Aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, ukoo ukadai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mama akashinda.

Wakati huo Marshall alikuwa bado jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho, tangu Rais Lyndon Johnson alipomteua 1967. Miaka ya mwisho mara nyingi alibaki upande wa majaji wachache, hasa kwenye kesi za adhabu ya kifo, ambayo aliipinga kila mara. Alistaafu 1991 na kufariki Januari 24, 1993, akiwa na miaka 84.