Kabla Umpee Messi Ile Rekodi, Kwanza Mjue Godfrey Chitalu

Kuna kinyozi hapa Wamunyu, karibu na steji, pale matatu za Machakos kwenda Kitui husimama kidogo watu wanunue maji na maembe. Hapo ndio bunge letu la mpira. Mtu ananyolewa dakika kumi, anabaki akibishana masaa mawili. Majuzi ngori ilikuwa ile ya kila siku: nani alidunga magoli mengi zaidi ndani ya mwaka mmoja? Mbogi yote ikasema Messi, 2012, mabao 91, tuendelee na maisha.

Kumbe kuna mzee alikuwa amekaa kwa kiti akitolewa ndevu. Akasema kuna jamaa wa Zambia alifunga 107. Maze, tulicheka. Mzee hakubishana, alilipa akaenda zake. Mimi nikabaki na bando yangu ya usiku, nikaanza kuchimba. Wacha nikuambie mapema ndio usisome ukijitayarisha kucheka kama mimi: mzee alikuwa na kesi ya maana.

Jamaa anaitwa Godfrey Chitalu. Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1947 huko Luanshya, kwenye ukanda wa shaba wa Zambia, enzi hizo nchi ikiitwa Northern Rhodesia. Kama hujui huo upande, ni miji ya migodi imepangana: Luanshya, Kitwe, Ndola, Mufulira. Wanaume walishinda chini ya ardhi wiki nzima, wikendi ni mpira. Sasa cheki hii tarehe. Chitalu anafikisha miaka 17 tarehe 22 Oktoba 1964. Siku mbili baadaye, tarehe 24, Zambia inapata uhuru. Yaani jamaa na timu ya taifa ya Zambia walianza maisha ya ukubwa wiki moja.

Alianzia Kitwe United. Haikuchukua muda watu wakajua huyu si straika wa kawaida. Alikuwa na nguvu, alikuwa na kasi, na shuti lake kipa alikuwa anaskia tu upepo. Wakambandika jina Ucar. Ucar ilikuwa betri ya redio, ile ya kukaa na moto kwa muda mrefu. Ndio maana ya jina: huyu msee haishi chaji. Mwaka wa 1968 akatajwa mchezaji bora wa mwaka Zambia. Kabla amalize soka alikuwa ameibeba hiyo tuzo mara tano, na ya mwisho ilikuwa 1979. Hesabu mwenyewe: kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni miaka 11. Mastraika wengi tunaowaimba leo, baada ya miaka 11 wako studio wakichambua wenzao.

Mwanzo wa miaka ya 70 akahamia Kabwe Warriors. Kabwe ni mji wa reli, na Warriors ilikuwa timu ya watu wa reli. Enzi hizo ilikuwa inatisha vibaya, ligi ilikuwa kama yao. Halafu ikafika 1972.

Hapo tulia kidogo.

1972 Chitalu alifunga mabao 107. Hiyo ndio hesabu ya shirikisho la soka la Zambia: ligi, vikombe vya nyumbani, mechi za klabu za Afrika na timu ya taifa, yote ndani ya mwaka mmoja. Nilitoa simu nikapiga hesabu (niliacha koleji lakini kugawanya bado najua): ni bao moja kila siku tatu na nusu, Januari hadi Desemba. Kuna wasee hawaogi na hiyo ratiba.

Mwaka huohuo, 1972, kuna Mjerumani anaitwa Gerd Müller alikuwa Bayern Munich na timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi. Naye alikuwa moto. Alimaliza mwaka na mabao 85. Hiyo 85 ikaandikwa, ikawa rekodi ya dunia, ikakaa miaka 40. Halafu Desemba 2012 Messi anacheza na Real Betis, anafunga la 86, dunia inasimama. Akamaliza mwaka na 91. Kama ulikuwa mtoto wakati huo unakumbuka vile picha yake ilikuwa kila mahali.

Sasa Zambia wakainua mkono. Wakasema samahani, hata hiyo ya Müller haikuwa rekodi, kwa sababu mwaka uleule wa 1972 kuna mtu wetu alifunga 107, na kumbukumbu tunazo. Baadaye mwanahabari mmoja wa huko akarudia hesabu mechi kwa mechi kutoka magazeti ya zamani, na yeye akapata 116. Hata Brazil wakaingia, Flamengo wakidai Zico alifunga 89 mwaka wa 1979. FIFA wakajibu kwamba wao huwa hawaweki rekodi za mechi za ligi za nyumbani za kila nchi, kwa hivyo hawawezi kuthibitisha. Kwisha. Mlango ukafungwa polepole bila mtu kutukanwa.

Lakini fikiria hilo jibu vizuri. Kama FIFA haiweki rekodi za ligi za nyumbani, basi haikuweka pia za Müller, na haikuweka za Messi. Hizo za Müller ziliwekwa na magazeti ya Ujerumani na watu wa takwimu huko Ulaya. Za Chitalu ziliwekwa na magazeti ya Zambia. Gazeti ni gazeti, ama?

Najua utasema nini, kwa sababu pale kinyozi walisema pia. Ati mabeki wa Zambia wa 1972 walikuwa wa mchezo. Ati hakuna video. Sawa, hiyo ya mabeki nitakupa nusu. Bundesliga na ligi ya Zambia si kitu kimoja, hakuna haja ya kudanganyana. Lakini swali lilikuwa nani alifunga mengi, halikuwa nani alifunga magumu. Pelé tunampa zaidi ya mabao 1,000, na ndani yake kuna mechi kibao za kirafiki, na hakuna mtu hucheka. Na video? Kama bao bila video si bao, basi futa historia yote ya mpira wa Afrika kabla ya juzi.

Na hapa nyumbani sisi ndio tuko na shida zaidi. Wewe muulize mtu yeyote Kenya kuhusu Joe Kadenge. Jina analijua, hata kama babake alikuwa hajazaliwa. Sasa muulize Kadenge alifungia Harambee Stars mabao mangapi. Kimya. Tunajua Dennis Oliech alifunga 34. Tunaambiwa William Chege Ouma wa miaka ya 60 na 70 alikuwa na 35. Ukiuliza zaidi, kila mtu ana karatasi yake. Tulikuwa na redio, tukawa na kelele, hatukuwa na mtu wa kuandika chini. Zambia angalau waliandika.

Hapa Wamunyu hii kitu tunaijua kwa njia nyingine. Huu mji ni wa wachongaji. Wale twiga na vifaru wa mbao unaona kwa maduka ya watalii Nairobi na Mombasa, wengi mizizi yao ni hapa. Watu wanakumbuka Mutisya Munge, aliyerudi kutoka vita vya kwanza vya dunia na ujuzi wa kuchonga aliouokota Tanganyika kwa Wazaramo, akaanza kuchonga na wengine wakafuata. Yeye jina lake liko. Lakini baada yake kuna wazee wamechonga miaka 50, vitu vyao viko sebuleni Ujerumani na Marekani, na chini ya huyo twiga hakuna jina la mtu. Hakuna aliyehesabu. Ukimuuliza mzee kama huyo amechonga wangapi anakuangalia tu.

Turudi kwa Ucar. Hata ukitupa ile 107 yote kwa takataka, bado una shida na huyu jamaa, kwa sababu kuna timu ya taifa. Alifungia Zambia mabao 79 katika mechi 111. Hapo ndio mtu wa kinyozi alinyamaza. Didier Drogba na Ivory Coast alimaliza na 65. Samuel Eto'o na Cameroon, 56. Kalusha Bwalya, ambaye kwa wengi ndiye sura ya soka ya Zambia, alifunga 39, na hiyo ni karibu nusu tu. Katika orodha ya wafungaji wa timu za taifa za Afrika, Chitalu yuko juu na bado watu wanamtafuta na tochi.

Mara moja tu ndio dunia nzima ilipata nafasi ya kumwona. Ilikuwa Olimpiki ya Moscow, 1980. Nchi nyingi zilisusia, Kenya ikiwa mojawapo, na Zambia wakapata nafasi. Walipoteza mechi zote tatu, sitakupamba. Lakini walifunga mabao mawili kwenye hayo mashindano, moja dhidi ya Umoja wa Kisovieti wenyewe, nyumbani kwao, na lingine dhidi ya Venezuela. Yote mawili ni ya Chitalu. Alikuwa na miaka 32.

Baada ya kutundika daluga akawa kocha Kabwe Warriors, na mwaka wa 1993 akapewa timu ya taifa. Na hiyo haikuwa timu ya kubahatisha. Baadhi yao walitoka kikosi kilichopiga Italia 4-0 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988. Walikuwa wanatafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 1994, na wengi waliamini wataipata. Tarehe 25 Aprili 1993 walikuwa Mauritius, wakashinda 3-0. Wakarudi Lusaka. Kibarua kilichofuata kilikuwa Dakar, dhidi ya Senegal.

Walisafiri na ndege ya jeshi la anga, aina ya Buffalo. Ndege ndogo ya propela, ya kubebea mizigo na wanajeshi, sasa inabeba timu ya taifa kutoka kusini mwa Afrika hadi magharibi kabisa. Haikuweza kwenda moja kwa moja, ilibidi itue kuweka mafuta Brazzaville, halafu Libreville, halafu Abidjan, ndio ifike Dakar. Usiku wa 27 Aprili iliruka kutoka Libreville, Gabon. Injini moja ikashika moto. Ripoti iliyotoka miaka 10 baadaye ilisema rubani alizima injini isiyo na shida. Ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo. Watu 30 walikuwa ndani na hakuna aliyetoka. Wachezaji 18. Kocha Godfrey Chitalu, miaka 45. Msaidizi wake Alex Chola, ambaye naye alikuwa fundi wa boli enzi zake.

Kalusha hakuwa ndani kwa sababu alikuwa anachezea PSV Uholanzi na alikuwa aende Dakar kivyake. Yeye ndiye aliyeongoza timu mpya, iliyookotwa haraka haraka, hadi fainali ya Kombe la Afrika mwaka uliofuata. Wakapoteza kwa Nigeria 2-1.

Hii sehemu inayokuja wengi mnaijua, lakini ipange pamoja na ile ya Messi uone. Februari 2012, fainali ya Kombe la Afrika inachezwa Libreville. Ndio, Libreville hiyohiyo. Kabla ya fainali wachezaji wa Zambia wanaenda ufuoni kuweka maua. Halafu wanacheza na Ivory Coast ya Drogba, Drogba anapaisha penalti, mechi inaisha 0-0, zinapigwa penalti hadi 8-7 na Zambia wanabeba kombe kwa mara ya kwanza. Miezi 10 baadaye, mwaka huohuo, wanaambiwa kwamba mabao 107 ya kocha aliyekufa kwenye hayo maji hayawezi kuthibitishwa.

Nilirudi kinyozi na hizi data zote kwa simu. Mzee hakuwepo, na kusema ukweli hata sijui jina lake, sikuuliza. Nilichopata ni mabishano mapya: kama 107 ni halali, je 116? Mimi nilisema nashikilia ya shirikisho. Kinyozi akasema anashikilia 116, kwa sababu huyo mwingine alikaa chini akahesabu mechi moja moja. Tulibishana hadi stima ikapotea.

Wale 30 walizikwa Lusaka, nje ya uwanja wa Independence. Baadaye ukajengwa uwanja mpya hapo karibu, ukafunguliwa 2014, ukaitwa National Heroes kwa ajili yao. Siku ya mechi, mashabiki wakiwa na vuvuzela na jezi zao za kijani, makaburi yako pale kando, na moja ni la Ucar.