HAYATI J. M. KARIUKI: KIJANA ALIYETAFUTA NJIA YAKE

Sisi wa kidato cha nne tunaulizana swali moja tu bwenini: tukitoka hapa, tunaelekea wapi? Wengine wanacheka, lakini usiku usingizi hauji. Basi nimeona niwasimulie habari za jirani yetu aliyekabiliwa na swali hilo zaidi ya mara moja.

Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa mwaka 1929 huko Kabati-ini, karibu na Nakuru. Wazazi wake walikuwa maskwota katika mashamba ya walowezi. Alianza shule mwaka 1938, lakini karo ikakosekana, akaacha masomo na kufanya kazi ya shamba. Hapo wengi wangesema basi, Mungu amepanga.

Mwaka 1946 alibahatisha katika mashindano ya farasi, akashinda pesa. Jamani, sisemi twende tukacheze kamari! Ninalotaka mtazame ni alivyozitumia. Alikuwa na miaka 17, umri wa kutamani suti na viatu vya kung'aa, lakini yeye alirudi darasani kuketi na watoto wadogo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1950, kisha akaenda King's College Budo, nchini Uganda.

Aliporudi Nakuru mwaka 1952, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Kijana aliyesoma angeweza kutafuta ukarani na kunyamaza. Yeye alijiunga na wapigania uhuru, akakamatwa mwaka 1953. Alizungushwa kambi baada ya kambi, zikiwemo Manyani na Lodwar, hadi mwaka 1960. Huko elimu yake ilipata kazi: aliandika barua za kupeleka malalamiko ya wafungwa wenzake hadi Uingereza, na kwa sababu hiyo alipigwa vibaya.

Uhuru ulipokuja, alikuwa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha mbunge na waziri mdogo. Alitajirika pia, tusifiche. Mtu aliyeshiba angeweza kutulia mezani. Lakini alizidi kuuliza kwa nini wachache wamejilimbikizia ardhi, ilhali waliopigania uhuru hawana hata kishamba. Mwaka 1974 watu wa Nyandarua Kaskazini walimchagua tena. Machi 1975 aliuawa, na maiti yake ikapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, lakini hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Mimi nilidhani mtu huchagua njia mara moja, akijaza fomu za kozi, mambo yakaisha. Kumbe sivyo. J. M. alichagua akiwa maskini, akachagua akiwa msomi, akachagua tena akiwa tajiri, na mara ya mwisho ilimgharimu uhai.

Wenzangu, ukikosa alama ulizotarajia, usidhani safari imekwisha. Na ukizipata, usidhani umefika. Siku ukipanda matatu kwenda Nairobi, mkipita Gilgil alikozikwa, jiulize: hii elimu yangu itamfaa nani?

Kuuliza si ujinga.