DAKTARI BONAYA GODANA NA UKUNGU WA MARSABIT

Mpenzi msomaji, kabla sijafika mbali nakuomba uutazame mlima. Kama wewe ni mwanafunzi wa kutwa kama mimi, unayeamka gizani na kutembea hadi shuleni, basi asubuhi utauona Mlima Kenya, Kirimara yetu, ukiwa wazi hadi kileleni. Lakini ngoja saa nne ya mapumziko. Ukitoka nje utakuta mlima umejifunika gubigubi kama mgonjwa wa malaria. Mgeni anayefika Meru saa hiyo anaweza kuapa kwamba hakuna mlima. Na mlima upo! Haujasogea hata hatua moja.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kusimulia: mlima ambao haukuonekana, na mtu mkubwa aliyekufa kwa sababu hiyo.

Tangu darasa la nne nimekuwa nikisema nikimaliza shule nitakuwa rubani. Mjomba wangu ni dereva wa lori, hupeleka viazi na kabichi Marsabit na Moyale. Siku moja aliponisikia hakunicheka. Aliniuliza tu kama namjua Daktari Bonaya Godana. Nikasema simjui, maana alifariki kabla sijazaliwa. Basi mjomba akaanza kunisimulia, nami baadaye nikaingia maktaba kutafuta zaidi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Bonaya Adhi Godana alizaliwa mwaka wa 1952 huko Dukana, kaskazini mwa Marsabit, karibu na mpaka wa Ethiopia. Huko ni kwa Wagabra, wafugaji wa ngamia, na nchi yenyewe ni kavu ajabu. Sisi wa huku Meru na Embu tuna mito mpaka tunasahau kushukuru. Kule kisima ndicho maisha, na watu wanaweza kuuana kwa sababu ya kisima.

Kijana huyo wa jangwani alisoma kwa bidii mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea sheria. Kisha akavuka bahari hadi Geneva, Uswisi, akapata shahada ya udaktari. Usidhani ni daktari wa sindano! Alikuwa daktari wa sheria za mataifa. Mwaka wa 1985 kilichapishwa kitabu chake kuhusu sheria za kugawana maji ya mito ya Naili, Niger na Senegal. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo. Mtoto wa mahali pasipo mto ndiye aliyeandika jinsi mataifa yanavyopaswa kugawana mito bila kupigana. Ama kweli, mwenye kiu ndiye ajuaye thamani ya maji.

Mwaka wa 1988 alichaguliwa kuwa Mbunge wa North Horr. Tangu 1993 hadi 1997 alikuwa Naibu wa Spika wa Bunge. Mwaka wa 1998 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka huo huo, tarehe 7 Agosti, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na kuua watu zaidi ya 200. Hebu fikiria kuwa waziri wa nchi za nje wakati kama huo! Mwaka wa 2001 alihamishiwa Wizara ya Kilimo. Chama chake cha KANU kiliposhindwa katika uchaguzi wa 2002, yeye alirudi Bungeni akiwa upande wa upinzani. Kama mwanasiasa yeyote, alikuwa na waliompenda na waliompinga.

Sasa tuje kwa yale yaliyompandisha ndege. Tarehe 12 Julai 2005, alfajiri, majambazi wenye silaha walivamia kijiji cha Turbi huko Marsabit. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwemo wanafunzi wa shule ya msingi zaidi ya 20. Watoto, msomaji, wengine wakiwa njiani kwenda shule kama sisi tunavyokwenda! Baada ya hapo kukawa na kulipizana kisasi, na Wagabra na Waborana wakaogopana hata sokoni.

Serikali na viongozi wakaona lazima watu waketi pamoja. Siku hizo Marsabit, Meru na Embu zote zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, na makao makuu ya mkoa yalikuwa Embu. Lakini kutoka Nairobi hadi Marsabit hakukuwa na mchezo. Barabara ya lami iliishia Isiolo. Mjomba anasema ukitoka hapo ilikuwa ni vumbi na mawe siku nzima, na huko porini majambazi walikuwa wakingoja. Kwa hivyo mkubwa akitaka kufika upesi, ilikuwa ni ndege.

Jumatatu, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ndogo ya Jeshi la Wanahewa, aina ya Y-12 yenye injini mbili, iliruka ikiwa na watu 17. Ndani yake alikuwamo Daktari Godana. Alikuwamo Mirugi Kariuki, Waziri Msaidizi. Walikuwamo pia wabunge Titus Ngoyoni, Abdi Sasura na Guracha Galgallo, na Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Viongozi wa jamii zilizokuwa zikizozana walikuwa wameketi bega kwa bega. Mkutano wa amani ni kama ulikuwa umeshaanza huko huko angani.

Lakini Mlima Marsabit ulikuwa umejifunika. Mlima huu una urefu wa mita 1,707 na umesimama peke yake katikati ya jangwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukifika hapo hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa ukungu. Ukungu huo ndio unaoulisha msitu wa Marsabit, ndio maana kuna miti mikubwa na ndovu mahali ambapo chini yake ni mawe matupu. Mjomba anasema amewahi kuwasha taa za lori saa tatu asubuhi na bado asione boneti yake mwenyewe. Sasa dereva anaweza kuegesha kando, ateremke, anywe chai. Rubani ataegesha wapi?

Ndege ilipokuwa ikitafuta kutua katika hali hiyo mbaya ya hewa iligonga mlima. Watu 14 walikufa, 3 wakapona. Daktari Godana alikuwa miongoni mwa waliokufa, akiwa na umri wa miaka 53.

Mimi si mchunguzi na sisemi rubani alikosea. Ninachosema ni kwamba mlima hauangalii cheo, wala hauulizi kama safari yako ni ya heri. Hata huku kwetu tuliona. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ndogo iliyotoka Nairobi ikipeleka watalii Wamarekani Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, chenye mita 4,985. Abiria 12 na marubani 2 wote walikufa.

Nimesoma kwamba hatari za milimani si wingu peke yake. Upepo ukigonga mlima hupanda upande mmoja na kumwagika upande wa pili kama maporomoko ya maji, na ndege ndogo ikinaswa hapo hushushwa hata kama rubani anataka kupanda. Tena kule juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo injini hupungukiwa nguvu na mabawa hayabebwi vizuri. Na bonde linaweza kuwa pana unapoingia, kisha likawa jembamba mpaka huna nafasi ya kugeuza. Ndiyo sababu marubani wazoefu hupenda kupita milimani asubuhi mapema, na wakiona wingu limekaa mbele yao hugeuka kungali na nafasi.

Wengine husema ati liandikwalo ndilo liwalo. Mimi sikubali sana. Wahenga hao hao walisema kawia ufike, na tena wakasema kutangulia si kufika. Viongozi wale walikuwa na haraka nzuri, haraka ya amani, lakini haraka nzuri nayo ni haraka. Kama mkutano ungengoja hata siku moja mpaka ukungu uondoke, nani angelalamika?

Mauti yao hata hivyo hayakwenda bure kabisa. Mwaka wa 2009 wazee wa Wagabra na Waborana walikutana Maikona na Walda wakakubaliana juu ya amani, ingawa baadaye kumekuwa na vurugu tena. Leo lami imefika Marsabit na kupita hadi Moyale, na mjomba halali tena njiani.

Mimi bado nataka kuwa rubani. Lakini kila asubuhi nikija shule nautazama Kirimara na kujikumbusha ahadi moja: siku mlima utakapojifunika, hata kama nimembeba waziri, hata kama nimechelewa na watu wananikasirikia, nitageuza ndege nirudi. Kurudi si kushindwa. Atakayerudi leo atakwenda kesho.

Kalamu yangu naiweka hapa. Mungu awalaze pema wote waliokufa Marsabit, na wewe msomaji, usiache kuutazama mlima.