Marconi na Hewa Isiyo na Mwenyewe

Vitabu vyetu vya shule humsimulia Guglielmo Marconi kwa aya mbili: Mwitaliano aliyevumbua redio, basi. Mimi kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyoona kwamba ukaidi wake umetufaa pengine kuliko uvumbuzi wake.

Alizaliwa Bologna mwaka 1874, baba akiwa Mwitaliano mwenye mashamba na mama Mwairishi wa ukoo wa Jameson, watengenezaji wa wiski. Hakuwa na shahada, na mawimbi yenyewe alikwisha kuyathibitisha Mjerumani Heinrich Hertz. Lakini mwaka 1895 kijana huyo alipeleka ishara hadi ng'ambo ya kilima karibu na kwao. Mwaka uliofuata alihamia London, na mnamo 1897 akaunda kampuni. Desemba 1901 alitangaza kwamba herufi moja, S, imevuka bahari ya Atlantiki kutoka Cornwall hadi Newfoundland. Wako wataalamu wanaolitilia shaka jambo hilo hata leo, ila sifa zilikwisha kuenea.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia. Kampuni yake ilizikodisha meli mitambo pamoja na maopereta, nao waliamriwa wasizungumze na meli yenye mitambo ya mshindani. Mwaka 1902 Mwanamfalme Heinrich wa Prussia, nduguye Kaisari wa Ujerumani, alikuwa akirejea kutoka Marekani katika meli ya Deutschland, iliyokuwa na mitambo ya Kijerumani. Vituo vya Marconi vilimnyamazia kana kwamba hayupo baharini.

Wajerumani walighadhibika, wakaita mkutano Berlin mwaka 1903. Nchi tisa zilihudhuria. Uingereza na Italia zikasimama upande wa Marconi. Walipokutana tena mjini humo mwaka 1906, wajumbe wa karibu nchi 30 waliafikiana kwamba kituo cha pwani kisibague meli kwa sababu ya aina ya mitambo yake, na kwamba mawimbi ya mita 300 na mita 600 yatengewe mawasiliano ya meli na pwani. Sababu ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kusikia stesheni mbili zikigombania sehemu moja ya redio yake: wimbi halina pasipoti. Ajabu ni kwamba Marconi alilijua hili vyema, maana hataza yake maarufu ya mwaka 1900, nambari 7777, ilihusu njia ya kuzuia vituo visiingiliane.

Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel, akagawana na mpinzani wake wa Ujerumani, Karl Ferdinand Braun. Aprili 1912 Titanic ilizama. Waliookolewa waliokolewa kwa sababu maopereta wa Marconi waliita msaada. Lakini opereta wa Californian, meli iliyokuwa karibu, alikwisha kwenda kulala. Miezi michache baadaye mkutano wa London ulizitaka meli zote zisikilizane, mitambo iwe ya nani.

Baadaye Marconi alijiunga na chama cha Mussolini, doa ambalo sioni sababu ya kulificha. Alifariki Roma mwaka 1937. Alipokufa, masafa yalikuwa yamekwisha kugawanywa kwa huduma mbalimbali katika mkutano wa Washington wa mwaka 1927. Setilaiti nazo zilitengewa yao Geneva mwaka 1963.

Nasi tuliingia katika daftari hilo. Setilaiti nyingi za mawasiliano hupangwa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, na nchi tajiri zilikuwa zikitangulia kushika nafasi na masafa. Mwaka 1976 Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizodai Bogota kwamba anga hiyo ni mali yao. Dai hilo lilikataliwa. Hata hivyo, mwaka 1982 Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ulikutana Nairobi, na mkataba uliotiwa saini hapa uliagiza kwamba katika kugawa mzingo huo, mahitaji ya nchi zinazoendelea yazingatiwe.