Jon Postel, Mtunza Daftari la Majina ya Intaneti

Anwani za tovuti za ofisi za Serikali zilizopo Mtumba, jijini Dodoma, huishia na herufi go.tz. Mpangilio huo wa majina unatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Jon Postel.

Postel alizaliwa Agosti 6, 1943 katika Jimbo la California na kutunukiwa Shahada ya Uzamivu mwaka 1974. Tangu enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, alitunza orodha ya namba na majina ili kitambulisho kimoja kisitumike kwa mambo mawili tofauti.

Mtandao ulipokua, orodha moja haikutosha. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, kwa kazi aliyopewa na Postel, alisanifu mfumo wa vikoa, ambapo kila aliyekabidhiwa jina hugawa majina yaliyo chini yake bila kurudi kuomba kibali. Kwa upande wa nchi, Postel alitumia herufi za orodha ya ISO 3166, akikwepa kuwa mwamuzi wa ipi ni nchi na ipi siyo. Kikoa cha .tz kilisajiliwa mwaka 1995.

Wasanifu wa miundo ya data waliona manufaa mengine. Taasisi inayotanguliza kikoa chake katika kila kitambulisho inachobuni huwa na uhakika kwamba namba ya mkulima ya halmashauri moja haitagongana na ya nyingine, hata mifumo inaposomana. Sharti lake ni kukilinda kikoa hicho kisiishe muda wake, kwani kikichukuliwa na mwingine, vitambulisho vilivyojengwa juu yake hubaki bila mdhamini.

Januari 1998, Postel aliwaomba waendeshaji wa seva kuu za majina wafuate kompyuta yake badala ya ile iliyokuwa chini ya mkataba na Serikali ya Marekani. Baadhi walikubali, naye alipotakiwa na Serikali hiyo kurejesha mfumo, alitii. Tukio hilo lilidhihirisha kuwa mpangilio wa dunia nzima ulitegemea uaminifu wa mtu mmoja.

Septemba 30 mwaka huo, taasisi ya ICANN ilisajiliwa ili kurithi jukumu hilo. Postel alifariki dunia Oktoba 16, akiwa na umri wa miaka 55, baada ya daftari lake kupata mrithi.