Sokoine: Mtu aliye nyuma ya jina la uwanja wa Mbeya

MPENZI wa soka anayeondoka Mbugani, mjini Kyela, kwenda kutazama mechi ya Ligi Kuu hupanda milima ya Rungwe kupitia Tukuyu na Uyole, safari ya zaidi ya kilomita 100, hadi Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya. Ni uwanja wa Mbeya City, timu iliyowashangaza wengi kwa kushika nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, na wa Tanzania Prisons. Mbali na soka, uwanja huo hupokea pia mashindano ya riadha, sherehe na mikutano ya hadhara.

Jina la uwanja huo wengi hulitamka bila kufikiri. Lakini waliozaliwa baada ya mwaka 1984 hawakubahatika kumwona mwenye jina hilo, na maisha yake yanastahili kukumbushwa.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli, mkoani Arusha, Agosti 1, 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai. Alisoma Monduli na baadaye Umbwe, Kilimanjaro. Alijiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na aliporejea akawa ofisa mtendaji wa Wilaya ya Masai. Mwaka 1965 wananchi walimchagua kuwa mbunge.

Ngazi za uongozi alizipanda haraka. Mwaka 1967 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi. Februari 13, 1977, siku chache baada ya kuzaliwa kwa CCM, Mwalimu Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Ni katika kipindi hicho taifa lilipoingia katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, na Sokoine akawa miongoni mwa viongozi waliosimamia uhamasishaji wa watu na mali kwa ajili ya vita hiyo.

Novemba 1980 aliacha wadhifa huo kwa sababu za afya, na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya. Aliporejeshwa Februari 24, 1983, nchi ilikuwa taabani. Sabuni, sukari, unga na khanga vilikuwa adimu madukani, huku walanguzi wakiviuza kwa mlango wa nyuma. Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na miji ya mipakani, ambako magendo yalikuwa yameshamiri, nayo ilionja makali ya msako huo.

Haki inataka isemwe kwamba vita hiyo ilikuwa na upande wake mchungu. Sheria ya mwaka 1983 iliunda mahakama maalumu, ikawanyima watuhumiwa dhamana na mawakili, na wapo walioumia bila hatia. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida aliona kwamba safari hii hata wakubwa waliguswa. Ni wakati huo huo pia serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini Dar es Salaam, mwanzo wa usafiri uliokuja kuitwa daladala.

Aprili 12, 1984, akirudi Dar es Salaam kutoka Bungeni Dodoma, gari lake lilipata ajali eneo la Dakawa, Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa msiba huo kwa redio. Sokoine alizikwa nyumbani kwake Monduli, na mwaka huo huo chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro kikapewa jina lake.

Jambo linalomfanya akumbukwe hadi leo ni msimamo wake juu ya mali ya umma. Aliamini kwamba kiongozi ni mtunzaji tu wa kile ambacho wananchi wamekichangia kwa jasho lao, naye mwenyewe hakujulikana kwa kujilimbikizia mali.

Hapo ndipo jina lake linapokutana na mjadala ambao haujaisha. Uwanja wa Sokoine, kama vilivyo viwanja vingine kadhaa vikubwa mikoani, unamilikiwa na CCM, urithi wa enzi ya chama kimoja. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, wapo wanaodai kwamba viwanja vya namna hiyo vilijengwa kwa nguvu za wananchi wote na virudishwe kwa halmashauri. Wapo pia wanaojibu kwamba chama ndicho kilichovisimamia na kwamba milango yake iko wazi kwa kila timu.

Mahakama na Bunge ndivyo vyenye uwezo wa kuamua nani awe na hati. Lakini yeyote anayeushika uwanja wenye jina la Sokoine amebeba na sharti lake: nyasi zitunzwe, mapato ya milangoni yahesabiwe kwa uwazi, na kijana aliyepanda basi kutoka Kyela akute mahali panapomstahili. Kinyume cha hapo, jina hilo litabaki kuwa pambo la langoni tu.